Babu Ukungu Amkabidhi Dobi Chupa ya Kobe

Miaka thelathini na mmoja si mchezo. Tarehe thelathini ya mwezi huu, ndugu yetu wa chumba cha kobe, yule tunayemwita Babu Ukungu, anastaafu kazi katika nyumba yetu hii ya kulea wanyama wa watu wanaosafiri. Nimempikia chai zaidi ya nusu ya miaka hiyo, ndiyo maana nimeambiwa niseme neno kwenye ratiba ya sherehe. Nitasema ya kweli. Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa sikuzoea, na yeye anajua.

Alianza kwa kufagia vizimba vya mbwa. Mbwa walimshinda, tusifichane; wakibweka naye anaomba radhi. Akahamishiwa kwa kobe, na wenzake wakamcheka kwamba amepelekwa kulinda mawe. Chumba kile kina joto na mvuke, na kila akitoka miwani yake haioni kitu, anapapasa ukuta kutafuta kikombe. Siku moja aliliamkia koti la daktari wetu wa wanyama lililotundikwa mlangoni, akaliuliza na habari za nyumbani. Daktari alikuwa nyuma yake, akaitikia kwamba wote hawajambo. Jina la Ukungu likamganda kuanzia hapo.

Lakini mtu huyu huwezi kumweleza bila kumtaja Kiazi.

Kiazi ni kobe. Aliletwa akienea kiganjani, macho yamevimba, gamba limeota vilima kama mtu amelifinyanga kwa hasira. Mwenye mali alikuwa amemweka juu ya mchanga mkavu, chini ya taa kali, akiamini kobe wote ni watu wa jangwani. Hakuwa na ubaya, alikosa wa kumwambia. Baadaye alihamia mbali akatuachia. Daktari akamweleza Babu Ukungu kwamba kobe wa jamii hii asili yao ni msituni, kwenye majani yaliyooza na hewa nzito, na kwamba vilima vile havitashuka tena. Kinachoweza kunyooka ni gamba litakaloota kuanzia sasa. Babu alisikiliza, akaondoka na lile neno "sasa" kama aliyepewa mtoto ashike.

Ndipo tulipomjua. Alifunika kizimba kwa mbao, akaacha upenyo wa kupitisha hewa. Chini akatandaza udongo na makumbi ya nazi, shibiri nzima. Maji hakumwaga juu. Aliyamimina taratibu kwenye pembe, yakajipenyeza chini, tumbo la kobe likabaki kavu na hewa ikabaki na unyevu. Chupa ya kunyunyizia aliitumia kwa ukuta na majani, kidogo tu. Mtu mmoja tu aligombana naye: dada yetu dobi, chumba chake kiko ukuta kwa ukuta. Alimwita adui wa nguo kavu. Walinuniana miaka, wakipitana koridoni kama paka wawili.

Kustaafu kulipokaribia, tulimwona amenyong'onyea. Hakuogopa uzee, alimwogopea Kiazi. Akachukua likizo kidogo, makusudi, atupime.

Tulifeli. Mlinzi akipita ananyunyiza, dada wa mapokezi ananyunyiza, dereva naye na jagi lake, kila mmoja akidhani mwenzake amesahau. Hakuna aliyemwambia mwingine, maana kila mmoja alitaka Kiazi awe wake kidogo. Babu aliporudi alimwinua, tukaona tumbo limelainika, lina doa jekundu, linanuka. Tulijikunyata tukingoja kusemwa. Akamtazama, kisha akatutazama sisi.

"Huyu hajakosa mapenzi," alisema. "Amekosa mtu mmoja."

Maneno hayo yaliniingia, na bado yapo. Wangapi tunapendwa na nyumba nzima, na hakuna aliyeulizia kama tumekula?

Daktari akampaka dawa, akaagiza alazwe pakavu. Aliyeleta taulo ni dobi, hakuitwa. Akazibadilisha asubuhi na jioni, amenuna vilevile. Kisha akatia mkono kwenye ule udongo, akafumbata, maji yakamchuruzika hadi kiwiko. Akasema huu ni wa kukamuliwa, mnazidi kuuloweka ya nini. Babu alivua miwani akaifuta, ingawa siku hiyo haikuwa na ukungu. Miaka yote alikuwa akimtafuta mtu anayejua unyevu kwa mkono, na mtu alikuwa nyuma ya ukuta, anamtukana.

Kiazi alipona. Wiki iliyopita Babu aliichukua ile chupa akaenda kuitundika kwenye msumari wa chumba cha kufulia. Dobi alisema tu msumari ule ulikuwa wa aproni yake, akaihamisha aproni. Tangu hapo hakuna mwingine anayegusa, na gamba jipya linaloota pembeni limenyooka, halina vilima, nendeni mkapapase. Mkono tu, maji myaache.

Ndugu yangu, asante kwa kazi na kwa utulivu wako. Nenda nyumbani ukae chini, miwani yako iwe safi, uwatazame vizuri wajukuu ambao tulikuwa tunakunyima. Uishi salama na kwa raha. Ukitamani kumwona Kiazi njoo, chai ipo. Ila ubishe hodi kwanza, chumba sasa kina mwenyewe.