Kocha Gekara na Goti Ambalo Hakulitaja

Wasikilizaji wapendwa, aliye na kikapu cha majani ya chai mgongoni akiweke chini kidogo. Leo tunamkumbuka Kocha Gekara. Kocha Gekara wa timu ya Majani, pale Boito. Alizikwa Jumamosi, nyumbani kwake karibu na Chepilat.

Gekara alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa chai. Baba yake alikuwa ametoka Nyamira kuja kuchuma. Watoto wakicheza, mpira ukipotelea ndani ya majani, ndiye aliyeingia kuutafuta, akatoka amelowa hadi kiunoni. Alipokua akawa kocha wa timu ya kulipwa. Maneno yake yalikuwa machache. Na mwanahabari Wangeci, wa redio moja ya Kericho, kazi yake ilikuwa kuyatafuta hayo maneno.

Msimu mmoja mshambuliaji Kipngetich alikaa benchi mechi baada ya mechi. Jezi amevaa. Viatu amefunga. Hachezeshwi, na timu inafungwa.

"Kocha, Kipngetich amekosa nini?" Wangeci akamuuliza, kinasa sauti kidevuni.

"Hajakosa kitu."

"Basi mbona hachezi?"

"Madam, umekuja kuuliza ama kupanga timu?"

"Ningepanga mimi, leo tungeshinda!"

Mashabiki wakacheka. Gekara akaingia ndani, akafunga mlango.

Jioni hiyo Wangeci akasema redioni: watu wanauliza kama Kocha anamnyima kijana wa Kipsigis nafasi kwa sababu yeye ni Mkisii. Wasikilizaji, Chepilat mnaijua. Upande huu Bomet, kwa Wakipsigis; upande ule Nyamira, kwa Wakisii. Neno kama hilo halivuki barabara polepole. Kesho yake Elmina, mke wa Kocha, alirudi kutoka sokoni na ndizi zake vile alivyozibeba, hakuna aliyenunua.

"Baba Valary, sema tu," akamwambia. "Sema goti la huyo kijana limeharibika."

"Nikisema, watamwacha kabla hajatibiwa."

"Na wewe wakikufuta?"

"Mimi goti langu ni zima."

Ndiyo hiyo, wapendwa. Goti. Timu ilikuwa na desturi yake: mkataba ukikaribia kuisha, aliyeumia haongezewi. Kwa hivyo Gekara alimvalisha kijana jezi, akamkalisha benchi, wakubwa wamwone ni mzima. Huku daktari anamtibu kimyakimya. Jezi hiyo ilidanganya wengi, hata Wangeci. Swali lake halikuwa baya. Lile neno la kabila ndilo hakulichunguza.

Gekara alifutwa kabla msimu haujaisha. Alikuwa amemwapisha Kipngetich asiseme. Kijana akapona, akapewa mkataba mpya, akaanza kufunga mabao. Wangeci akatangaza: "Mnaona? Kocha ameenda, kijana amefunguka!" Gekara alikuwa anakamua ng'ombe, redio iko dirishani. Akaendelea kukamua.

Basi Jumamosi, kando ya kaburi, Kipngetich alikunja suruali. Akaonyesha kovu la goti. Akasema yote. Mama yake, Rodah, akampa Elmina kibuyu cha mursik, maziwa ya heshima ya Wakipsigis, kwa mikono miwili, mbele ya watu wa pande zote mbili za barabara.

Wangeci alikuwepo. Kinasa sauti alikitia ndani ya mkoba. Akamwendea Elmina.

"Mama, alinichukia?"

"Sijui, mtoto wangu. Lakini jioni ukianza kuongea redioni, alikuwa ananiambia, 'Mama Valary, ongeza sauti, nisikie leo nimekosea wapi.'"

Kwa Elmina, kwa mtoto wao Valary, na kwa wote waliofunzwa mpira na Kocha Gekara, poleni sana. Mungu awashike mkono. Nasi tuliobaki tufikiri kidogo. Mwenye kuuliza aulize, ndiyo kazi yake. Lakini kila mara tunapofungua mdomo hapa redioni, mahali fulani kuna mtu anakamua ng'ombe, na ameongeza sauti.