Mama Gertruda, Mlinzi wa Maziwa Yetu

Tarehe 30 Juni Mama Gertruda Leodgar anastaafu, baada ya kutumikia kituo chetu cha maziwa ya mbuzi hapa Mapinga kwa miaka kumi na tisa. Alhamdulillahi, anaondoka na afya yake, na bado hamwamini mtu.

Kazi yake ilikuwa kupokea maziwa mlangoni. Shikamoo yako ataiitikia vizuri tu, huku pua imeshaingia kwenye kidumu. Kisha anachungulia, anatikisa, anakutazama usoni. Paroko wake mwenyewe alipoleta maziwa ya misheni, yalinuswa. Mimi ninayeosha vyombo, nikimaliza yeye anakagua upya. Nilinuna weee, mwisho nikazoea.

Masika ya mwaka juzi mbuzi wa wanachama walianza kuvimba viwele. Maziwa yakatoka na mabonge, mengine na damu, na Mama Gertruda akayarudisha yote. Likabaki banda moja tu salama, la Bi Hafidha, mjane anayelea wajukuu kwa mbuzi wale. Basi maneno yakaanza. Akipita njiani, watu wanafunika mabanda yao kwa magunia asije akawatupia jicho mbuzi wao. Mkutanoni mfugaji mwenzetu Sufiani akasema lililokuwa mioyoni mwa wengi: “Majani tunakata pamoja, beberu tunaazimana. Kwa nini wa kwake tu ndio wazima?”

Ikapendekezwa Bi Hafidha atolewe chamani. Tulidhani Mama Gertruda atamtetea. Wapi! Alisema hata yeye anamshuku, ila mtu hafukuzwi kwa kushukiwa tu, achunguzwe kwanza. Alfajiri akamtokea bandani bila kumtaarifu, akakaa kwenye kigoda mpaka mbuzi wa mwisho akakamuliwa. Halafu akatuzungukia na sisi wengine, vilevile bila taarifa.

Mkutano uliofuata alisimama akasema, “Ninyi mnachovya vidole kwenye maziwa mlainishe chuchu, mkitoka kwa mbuzi huyu mnahamia kwa yule. Ugonjwa mnautembeza wenyewe. Hafidha ananawa, anafuta kiwele, anakamua kwa mkono mkavu. Uchawi wake ndio huo.”

Kuchovya vidole tulirithi kwa mama zetu, nani angeshuku? Sufiani aliitazama mikono yake. Bwana mifugo akaja na dawa, maziwa ya mbuzi wanaotibiwa yakamwagwa, na taratibu viwele vikapona. Bi Hafidha akabaki chamani.

Kuanzia Jumatatu yeye ndiye atakayesimama mlangoni. Mama Gertruda amempendekeza mwenyewe, baada ya kumshuku muda wa kutosha, na mkono wa kwanza kuinuka kumkubali ulikuwa wa Sufiani.

Mama, ahsante. Watoto wanaokunywa maziwa yetu hawakujui, lakini matumbo yao yametulia kwa ajili yako. Mwenyezi Mungu akuzidishie umri na afya huko Dunda unakohamia. Uishi kwa raha na majirani wapya, wavumilie, watakuzoea.