Mama Domitila na Tiketi Zilizoanza kwa Salamu

Tarehe 30 Juni 2025 Mama Domitila Mazengo wa Dawati la Msaada wa TEHAMA anastaafu, baada ya miaka thelathini na miwili katika shirika letu la chanjo za mifugo. Anaondoka mzima wa afya, anacheka. Miaka minne iliyopita nisingethubutu kuandika hivyo.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Kompyuta zilipofika, wenzake walizifunika vitambaa zisiingie vumbi la Dodoma. Yeye akafunua ya kwake na kuanza kubonyeza. Baada ya miaka michache ndiye aliyekuwa akituokoa sote, hata sisi wenye vyeti vyetu ukutani.

Kisha ukaja mfumo wa tiketi, yaani maombi ya msaada yanayotumwa kwa kompyuta. Wataalamu walituletea makundi sitini na manne ya matatizo, kwa majina yaliyonifanya hata mimi niliyesomea nikune kichwa. Watumishi wakachagua moja tu: Mengineyo. Kundi la Dharura halikuguswa. Nani akawaharakishe watu wa makao makuu kama watoto wake? Tena kila mmoja alianza kwa salamu, na orodha yetu ilionyesha mstari wa kwanza tu. Ukifungua asubuhi unakutana na shikamoo mia tatu, shida huioni hata moja.

Mama akawa anazisoma zote mpaka mwisho. Ndivyo alivyoikuta ya Faridi, mtunza bohari wa Kondoa. Faridi alikuwa amesalimia, ametupa pole ya majukumu, ameulizia familia, ndipo mstari wa tano akagusia kwamba king'ora cha friji ya chanjo kinalia tangu jana. Jamani! Chanjo za ng'ombe wa wilaya nzima! Mama akapiga simu, chanjo zikahamishwa, zikapona. Yeye ndiye hakupona. Tangu hapo aligoma kwenda likizo, akihofia friji nyingine italia akiwa hayupo. Shinikizo la damu likapanda, daktari akamwamuru apumzike wiki mbili, kesho yake tukamkuta mezani. Tuliogopa tutamzika kabla hajastaafu.

Ndipo mkuu wetu, Bwana Nazir, akamkabidhi kazi ya kuyapanga upya makundi yale. Alizunguka Kondoa, Chemba na Mpwapwa, akaandika watu wanavyosema wenyewe. Akarudi na makundi manane: Siwezi kuingia, Karatasi haitoki, Kuna kitu kinalia, na mengine ya namna hiyo. Dharura akaifuta, akaweka swali moja: nini kitaharibika tusipofika leo? Salamu akazitengea kisanduku chake, maana alikataa katakata kuwafundisha watu wazima utovu wa adabu.

Machi mwaka huu tulimlazimisha kwenda likizo ya siku ishirini na nane. Siku ya tatu friji ya Chemba ikalia. Tiketi ilikaa juu kabisa ya orodha, na Cornel, mwenzetu wa dawati, akaimaliza kabla ya chai ya saa nne. Mama tulimwambia aliporudi. Alilia, akamshukuru Mungu. Nasi tulilia, sitaki kudanganya.

Ahsante sana, Mama. Tunakuombea afya na siku nyingi za utulivu. Wiki iliyopita tulibandua namba yako ya simu iliyokuwa kwenye kuta za bohari zote, ya kupigiwa friji zikilia. Faridi aliomba abaki nayo, tumemkatalia. Kuanzia sasa simu ikiita, ujue ni wajukuu. Pokea polepole.