Mama Futi na Dole la Fundi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeingia mahakamani na futi ya kupimia nguo mkobani. Tulimwita Mama Futi. Alikuwa wakili. Alitetea watu waliogongwa na malori. Amefariki Jumapili, tumemzika jana.

Futi ile ilikuwa ya marehemu baba yake, fundi cherehani. Ajali ikitokea, Mama Futi alikimbilia barabarani kwanza. Anapiga magoti kwenye lami, anapima alama za breki. Wapita njia wanamtania, "Mama, unaishonea barabara suruali?" Naye anajibu, "Ndiyo, kitambaa kikibaki nitakuziba mdomo." Loo, alikuwa na maneno yule!

"Mgonjwa nitamkuta tu," alizoea kusema. "Alama za breki, mvua ikinyesha, nitazikuta wapi?"

Hapo ndipo alipojikwaa.

Miaka saba iliyopita, lori la mchanga lilivamia karakana ya fundi seremala. Fundi yumo ndani, anapiga randa mlango. Mkono wa kulia ulisagika, madaktari wakaukata. Mama Futi akapigiwa simu. Akatazama mawingu, akaenda barabarani kwanza, kama kawaida yake. Hakukuta alama hata moja. Dereva alikuwa amesinzia, breki hakuigusa. Akaandika, akafunga mkoba, akaenda hospitali.

Alipofika wodini, dole gumba la kushoto la fundi lilikuwa na wino.

Mtu wa kampuni ya lori alishatangulia, na karatasi yake na maneno matamu. Karatasi ilisema fundi amesamehe, hana neno tena na kampuni. Na fundi ndiyo kwanza amechomwa sindano kali ya kutuliza maumivu, imemlevya.

"Nilidhani ni karatasi ya hospitali," fundi ametuambia. "Siku ile ningeambiwa nitie dole kwamba mimi ni mbuzi, ningetia."

Mahakama ikaitupa kesi. Dole ni dole, walisema. Jamani! Mtu hajui hata mkono wake umekwenda wapi, leo anaambiwa alikubali kwa hiari!

Mama Futi hakujisamehe. Tangu siku ile alianza na wodi, barabara baadaye. Mvua ilimfutia alama nyingi, na kesi nyingine akashindwa kwa sababu hiyo. Alijua, na ilimuuma. Lakini hakurudi nyuma.

Mwanawe mkubwa ni dereva. Dereva wa lori, ndiyo, mmesikia sawasawa. Anasema, "Mama hakuwa na ugomvi na lori. Kila nikitaka kusafiri ananiuliza, umelala saa ngapi? Lakini yule fundi alimtaja kuliko alivyotutaja sisi wanawe."

Miaka mitano alitafuta daftari la wodi la siku ile. Alilipata stoo, chini ya magodoro mabovu. Sindano ilichomwa saa tisa na robo. Karatasi ya kampuni imeandikwa saa tisa na nusu. Robo saa tu! Akakata rufaa. Moyo wake ulishaanza kumsumbua, lakini alikataa kulazwa mpaka amalize hoja. Hukumu ni Alhamisi hii. Narudia, Alhamisi hii. Wakili mwenzake wa ofisini ndiye atakayesimama.

Jeneza la Mama Futi limetoka karakana ya fundi. "Nilipima mimi, kwa futi yake," anasema. "Msumeno aliushika mke wangu."

Kwa wanawe, poleni sana. Fundi na mkeo, poleni. Nasi wasikilizaji wapendwa, tujiulize: ndugu yetu akilazwa, nani anakaa kando ya kitanda chake? Akiletewa karatasi, nani anamsomea? Tusimwache mgonjwa peke yake na wino.

Jumapili asubuhi, pumzi zikimwishia, Mama Futi alimshika mwanawe mkono. "Mpigie fundi," alisema. "Mwambie asitie dole popote. Niko njiani."

Mwanawe akapiga simu palepale. Fundi akajibu, "Mwambie mama sijatia. Mwambie namsubiri."

Akaliinamia sikio la mama yake, akamwambia. Mpaka leo hajui kama alimsikia.