Viganja vya Waliombeba Kinyozi

Asubuhi hiyo benchi la muuza kahawa lilikuwa na wanaume watatu, na wote watatu viganja vyao vilikuwa vya kahawia iliyokoza. Jana yake walimbeba Kinyozi, mwenzao wa benchi hilohilo, kwenda kumzika, na jeneza likawaachia rangi mikononi. Msasa, fundi seremala aliyelitengeneza, alikuwa ameficha mikono yake kwapani. Kazi ya mwisho aliyomfanyia rafiki yake ilikuwa imegeuka aibu, na bado ilibidi akae pale asikilize wajuaji.

—Nimesugua kwa sabuni, nimesugua kwa majivu, wapi! alisema Bondia, mpagazi wa sokoni. Mke wangu kanikataza kugusa unga wake.

—Chanda chema huvikwa pete, alisema Profesa, karani mstaafu.

—Pete gani hapa, mzee? Hii ni alama. Marehemu kamtia alama kila aliyewahi kumsengenya.

—Basi mtaa mzima ungekuwa kahawia.

Walicheka kidogo, kisha wakaona haya.

—Acheni ujinga, alisema Msasa. Ni rangi ya mbao, ile ya mafuta. Haikai juu kama ya ukutani. Inazama ndani ya ubao, inatoa mistari yake. Unapaka, unafuta iliyozidi kwa kitambaa, unaacha siku mbili ikauke.

—Mbona hukufuta?

—Ubao wenyewe ulikuwa wa makasha, mweupe pee. Nilitaka uonekane mninga, nikaiacha nene. Kinyozi asizikwe kwenye kasha la sabuni, jamani.

Alimpenda yule mtu, basi.

—Kitaalamu, alisema Profesa, maiti ina joto baridi.

—Joto baridi?

—Ndiyo. Ubao ukilipata unatoka jasho. Ndiyo maana wahenga wakasema mti hauendi ila kwa nyenzo.

—Wapi! Mimi nilimsikia, alisema Bondia kwa sauti ya chini. Pale kwenye kona alizidi uzito ghafla. Hakutaka kwenda. Alikuwa anatushika mikono.

Msasa hakuamini hata neno moja, lakini aliizidi kuibana mikono yake kwapani.

Mwanamke mwenye begi la safari, vumbi hadi kwenye kope, akasimama mbele yao. Hawakuhitaji kuuliza ni nani. Sura ilikuwa ya Kinyozi kabisa.

—Shikamooni. Nimeambiwa ninyi ndio mliombeba kaka yangu.

—Marahaba, mwanangu. Pole sana, alisema Profesa.

Msasa alisimama kumpa mkono. Mwanamke akaupokea, akaugeuza kiganja juu.

—Hii nini, kaka?

—Rangi ya jeneza, dada. Tulimbeba haijakauka.

—Ingekauka lini?

Msasa alitamani ardhi immeze.

—Leo.

—Mimi leo nimefika. Na nilipiga simu juzi, nikasema niko njiani.

—Tuliambiwa, alisema Profesa. Ila tukaona, unajua, ngoja ngoja huumiza matumbo.

—Matumbo ya nani, baba?

Profesa akainamia kikombe chake. Bondia akatazama barabara. Mwanamke hakulia wala hakupandisha sauti. Alimtazama Msasa, ambaye mkono wake alikuwa bado ameushika.

—Mlikuwa na haraka ya nini?

Alitua begi chini, akasubiri wamjibu.