Fundi Mkubwa na Betri ya Moto

Asalaam alaykum, wasikilizaji wapendwa. Leo nna jambo zito, na sijui nilianzie wapi.

Fundi Mkubwa Duni hatunaye. Fundi wa betri, wa Mchangani hapa mjini. Amefariki Jumatatu alfajiri, na alasiri ile ile kazikwa kwao Muyuni, ubavuni pa binti yake. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nyinyi wa shamba mnamjua kuliko sisi wa mjini. Huko hakuna waya wa umeme, redio hula betri. Basi huenda hii sauti yangu inayotoka hapo barazani kwenu sasa hivi, inatoka kwenye betri aliyoijaza yeye wiki iliyopita.

Alikuwa mrefu, mkimya, mashati yake yote yana vitundu vya maji ya betri. Dukani kwake ukiingia unasikia betri zinatokota taratibu kama maharage jikoni. Na pale dukani palikuwa na amri moja tu. Betri ya moto haitoki.

Nielezeni wenyewe kama nakosea, mafundi mliopo. Kaskazi ikikaza na joto lake, betri inayotiwa chaji huchemka mapema. Asiyejua hudhani imeshiba. Kumbe haijashiba, ina homa tu. Ukiilazimisha, sahani zake za madini ya risasi hupinda ndani, na hiyo tena ni ya kutupwa. Fundi Mkubwa akiweka kiganja ubavuni mwa betri. Kiganja kikishindwa kukaa, anakata umeme, anaiweka kivulini, anaimalizia alfajiri kwenye ubaridi. Ulie, ugombe, ndiyo hivyo.

Sasa nisikilizeni. Kaskazi ya mwaka 1954. Makungu, dereva wa lori pekee la Muyuni, alitoka kijijini asubuhi na mapema kwa gari la watu, kabeba betri yake begani. Lori kaliacha nyumbani, betri kaiacha kwa Fundi itiwe chaji. Adhuhuri akarudi dukani kuichukua.

"Fundi, mbona inachemka hiyo? Nipe nnende zangu, basi la saa nane halinisubiri."

"Inachemka kwa joto, Makungu. Haijashiba."

"Mie naitaka hivyo hivyo!"

"Betri ya moto haitoki."

Makungu akasonya, akaenda kulala kwa shangazi yake Mtoni. Fundi akaitia betri kivulini, akaifunika kitambaa kibichi.

Adhuhuri hiyo hiyo, wasikilizaji wapendwa, kule Muyuni, binti yake Fundi alishikwa na uchungu. Mashavu. Ndilo jina lake, mtoto wa pekee wa Fundi, mimba yake ya kwanza, miezi minane. Hakuna aliyeutarajia. Makungu hajui, Fundi hajui. Damu ikaanza kumtoka. Mkunga, Bi Sichana, akasema, "Huyu si wangu tena, huyu wa hospitali. Leteni gari."

Gari lilikuwepo. Betri ndiyo haikuwepo. Wanaume walizungusha hendeli mpaka viganja vikachubuka, lori kimya. Wakamlaza Mashavu kitandani, wakakibeba kitanda mabegani, juani, kwenda Kitogani kutafuta gari la kupita. Walifika magharibi. Mashavu alishakata roho njiani, yeye na kitoto chake tumboni.

Na saa ile, Fundi alikuwa wapi? Alikuwa dukani, kiganja ubavuni mwa betri ile, anafurahi kuwa imeanza kupoa. Alimwambia hivyo mkewe, Bi Mwatima, baadaye. Alifurahi, maskini!

Asubuhi betri ikashiba. Makungu anaikamata tu kuinyanyua, gari la kusini likaingia na habari.

Walikwenda Muyuni pamoja, na betri miguuni mwao. Baada ya maziko ilibidi lori liwarudishe watu. Makungu akafunga betri. Lori likawaka mara moja. Mara moja tu! Fundi, aliyekuwa hajatoa chozi kaburini, aliisikia ile injini akakaa chini mchangani, akapiga ukelele.

Bi Mwatima anasema: "Nilimwambia, Baba Mashavu, pengine hata ungempa betri, ingezimika njiani. Akanitazama. Akanambia, 'Kwa safari moja ingefika. Mie fundi, najua. Nililinda betri, Mwatima. Betri!'"

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yeye mjukuu hakumpata, majuto aliyapata.

Amri hakuiacha. Ila tangu siku ile, kabla hajakata umeme, alimuuliza kila mtu: "Kwenu kuna mja mzito? Kuna mgonjwa?" Wasiojua walimcheka, hata mimi nilicheka mara ya kwanza, Mungu anisamehe. Na juu ya rafu aliweka betri moja iliyoshiba, kubwa, kaifunika kitambaa kibichi, tayari kwa atakayejibu "naam". Akiipima kila alfajiri, akiijaza ikipungua. Haiuzwi, haiazimwi kwa jambo jengine. Miaka mitano. Hakutokea hata mmoja aliyejibu naam.

Bi Mwatima, Makungu, na nyinyi nyote wa Muyuni, tunakupeni pole. Mwenyezi Mungu ampe kauli thabiti, naye ampumzishe kuliko alivyojipumzisha mwenyewe. Nasi tuliobaki, kila mmoja na amri yake anayoishikilia, leo kabla ya kulala tujiulize tunamlindia nani.

Jana nilikwenda kuhani msiba nyumbani kwao, nyuma ya duka. Betri ile bado ipo rafuni, na kitambaa chake. Betri iliyokaa bure kwenye joto hili hujimaliza yenyewe, kidogo kidogo, bila ya kuwasha kitu. Bi Mwatima anakirovya kile kitambaa kila asubuhi, anaweka kiganja ubavuni mwa betri kama alivyokuwa akimuona mumewe.

"Ya baridi," akanambia. "Lakini mimi sijui kama bado ina kitu."