Ukali wa Ndani ya Mabano

Kwenye treni ya asubuhi nilikaa mkabala na waandika programu wawili wa ofisi moja, kaka mmoja mwenye ndevu na dada mmoja. Kaka alikuwa ametunga kisaidizi cha kuwashia amri ya ukali: ukiiandika, kompyuta inakataa kila kosa linaloifuata mpaka pale mabano yanapofungwa; nje ya hapo amri haina nguvu.

"Mabano umeyafunga wapi?" akauliza dada, macho kwenye kompyuta mapajani.

"Hapo hapo, baada ya amri. Mimi sipendi kuacha vitu wazi."

"Basi amri inajilinda yenyewe. Kazi yetu yote iko nje."

"Lakini tangu niiweke, halijalalamikiwa kosa hata moja."

"Nani alalamike? Mlinzi umemfungia kibandani, dada yangu wee."

Alimwita mtu mwenye ndevu "dada yangu", nikajua uvumilivu umemwisha.

"Bosi ameisifu," kaka akasema taratibu. "Leo ananipongeza mbele ya wote. Utasema?"

Dada akafunga kompyuta. "Hapa ndani nimeshasema. Huko ofisini nitapiga makofi kama wenzangu."

Treni ikasimama, milango ikafunguka, nao wakatoka nje ya mabano.